Mashine Ilibisha Hodi

Aprili 20, Jumapili ya Pasaka

Mvua tangu alfajiri. Kanisani kwaya iliimba kwa nguvu zake zote na bado bati liliwashinda. Padri alihubiri, sisi tukawa tunaangalia midomo. Nimeamua kuandika masika haya yote, maana umeme umekatika, simu imezima, na nikikaa bure nitagombana na mama.

Mimi ni Irine. Nina kibanda cha stesheneri na video hapa Kilosa mjini, jirani na reli. Napiga picha za pasipoti, natoa kopi, na Jumamosi napiga video za harusi. Mama yangu, Fausta, hunishikia duka ninapotoka. Anajua kutoa kopi, anajua bei, na anajua habari za kila anayeingia. Kompyuta anaiogopa, anaiita "mgeni wako".

Aprili 22, Jumanne

Happyness amekuja kutoka Mikumi, anakofanya kazi kwenye loji. Send-off yake ni Jumamosi hapa Kilosa, mimi ndiye mpiga video, na harusi ni Mei 31 kulekule Mikumi. Bwana harusi ni Kondo, fundi wa magari, mtoto wa watu wa reli kama sisi, Mwislamu. Happyness ni Mkaguru wa Berega, Mwanglikana hadi kwenye kucha.

"Dada Irine, mtu wangu wa muhimu ni mmoja," akaniambia. "Mjomba Mathayo, kaka yake mama. Kwetu mjomba asiposema neno, harusi hiyo haina miguu. Na hajasema."

"Amekataa?"

"Hajasema, dada. Na bora angekataa."

Nikamcheka. Kwetu mjomba ni mtu wa kukuletea miwa.

Aprili 24

Mvua. Mto Mkondoa umejaa. Mama ameenda kuangalia tuta, amerudi ameloa na hana jipya.

Aprili 26, Jumamosi

Nimechoka lakini niandike, maana siku yenyewe ilikuwa kituko.

Kijito cha kabla ya ukumbi kilifurika, wageni wakachelewa. Watu wa Berega waliingia mmojammoja wakikung'uta nguo. Mjomba Mathayo aliingia peke yake, mzee mwembamba mwenye suti ya kijivu, viatu vinang'aa. Nilivipiga vile viatu kwa karibu kabisa, kwa sababu siku ya tope kama leo viatu visafi ni mali. Nyuma yake, baada ya muda, akaingia Kondo, bwana harusi mtarajiwa, matope mpaka mapajani! Suruali nyeupe! Mbele ya kamera yangu!

"Kondo, umetoka kulima mpunga?" nikamtania kwa sauti. Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Akacheka na yeye, akaenda kukaa. Nimempiga kuanzia kiunoni kwenda juu shughuli nzima.

Ukafika wakati wa wosia. MC akaita: "Mjomba wa bibi harusi!" Kimya. Akaita tena. Kiti kitupu. Nilimwona mama yake Happyness, Mama Selestina, akiinamisha uso. MC akaruka akaenda kwenye keki.

Mimi nilikuwa nimetoka kubadilisha betri. Nikamkuta mzee nyuma ya jiko, chini ya upenu, karibu na masufuria ya pilau.

"Shikamoo mzee. Wanakuita ndani."

"Marahaba binti. Ndani sitaweza. Nitolee neno langu hapahapa, waje kulisikia kwenye video."

Nikawasha kamera. Akaongea Kikaguru, taratibu, mvua ikipiga bati juu yetu. Mimi Kikaguru sijui hata salamu. Niliona tu anatabasamu katikati, na mwishoni anafuta macho kwa kiganja. Kisha akaaga, akapata lifti, akaondoka bila kula.

Aprili 27

Nimehamishia video zote kwenye kompyuta na kadi za kamera nimezifuta, kama kawaida yangu, maana Jumamosi kuna kipaimara kijiji cha Ulaya, njia ya kwenda Mikumi. Gerald, mpiga video mwenzangu wa Mikumi, amenipigia kujisifu kwamba kapata harusi mbili. Gerald huyu ana kompyuta nene kama tofali, haijawahi kuonja intaneti tangu inunuliwe. Nimemwambia aipeleke makumbusho.

Aprili 30

Happyness amepiga simu analia. Mjomba Mathayo alianguka Jumapili, siku moja baada ya send-off. Kinywa kimepinda, mkono mmoja haunyanyuki, na haongei. Hata neno moja. Anaomba video haraka ampelekee wodini, labda akijiona atafurahi. Nimeahidi Jumapili.

Mei 2

Naelekea Ulaya. Nimemwachia mama duka na maneno yaleyale: toa kopi, pokea wateja, mgeni wangu usimguse.

Mei 3, Jumamosi

Nimerudi mchana. Kompyuta ina uso mpya. Rangi mpya, maandishi mapya, vitufe vimehama kama wapangaji waliofukuzwa. Kijana aliyeniwekea programu ya kuhariri aliniapisha: "Dada, mashine hii isipate apdeti kamwe. Ikipata, usinipigie."

Programu ikafunguka. Nikashukuru Mungu. Nikafungua send-off ya Happyness, nikabonyeza, picha ikatembea. Sauti hakuna. Nikaongeza spika. Hakuna. Nikafungua faili lingine, na lingine. MC anapanua mdomo, akina mama wanapiga vigelegele, ngoma inapigwa, na duka langu limenyamaza kama kaburi. Kwenye programu, pale panapokaa mstari wa sauti, ni patupu.

Nikafungua video ya mjomba. Anaongea. Anatabasamu. Anafuta macho. Hata mvua haisikiki.

Nilikaa. Nikasimama. Nikakaa tena. Mama akauliza kama nimeumwa na kitu.

Mei 4, Jumapili

Sikwenda kanisani. Asubuhi nimemhoji mama.

"Mama, nani aligusa kompyuta?"

"Mimi," akasema, anachambua mchele, wala hakunyanyua kichwa. "Alikuja mwalimu kutoa mitihani. Akawasha intaneti ya simu yake, karatasi zake ziingie. Basi pakatokea kiboksi. Nikamwuliza mwalimu, hiki kinasema nini? Akasema kinaomba ruhusa."

"Na wewe?"

"Nikakipa."

"Mama! Nilikwambia usiguse!"

"Nisiguse, ndiyo. Lakini imebisha hodi yenyewe, Irine. Imeomba. Mtu akikuomba kwa heshima, unamnyimaje? Nikamwambia mwalimu abonyeze. Nikajua mwenye nyumba akirudi atakuta mgeni keshakaribishwa."

Nilitaka kupiga kelele. Ningemwambia nini? Amenilea hivyohivyo. Nyumba yetu haijawahi kumjibu mtu "hapana" mlangoni, hata wauza dawa za mende. Nimetoka nje nikasimama kwenye mvua mpaka hasira ikapoa, na nilipoingia ndani ikarudi.

Mei 6

Fundi amekuja. Amebonyeza, amekuna kidevu, amesema toleo jipya limeacha kuelewa sauti za kamera za zamani kama yangu. Nimehamishia video kwenye simu: bubu. Nimekwenda kwa katibu muhtasi wa shule: bubu, na kompyuta yake nayo ilipata apdeti wiki iliyopita. Nikamwambia fundi airudishe mashine ilivyokuwa. Akajaribu, ikamgomea.

"Kwani tatizo nini?" akasema. "Wekea kwaya juu yake. Wateja hawajui."

Nimemwonyesha mlango.

Mei 8, Alhamisi

Mjomba Mathayo amefariki.

Nilimwahidi Happyness Jumapili. Jumapili ikapita, nikasema umeme, nikasema mvua. Amekufa hakujiona.

Mei 11, Jumapili

Nimetoka Berega kuzika. Mlima unateleza, jeneza lilibebwa na wanaume waliovua viatu. Kondo alikuwepo, alisimama nyuma kabisa na watu wa kwao wachache, akachimba na wengine, hakuna aliyemsemesha.

Baada ya mazishi ndugu wakakaa. Nilikuwa nasaidia kugawa chai nikasikia yote. Theodory, mpwa mkubwa wa marehemu, mwalimu wa shule ya msingi, akasimama. Huyu ndiye aliyemwuguza mjomba, alilala chini ya kitanda chake wodini mpaka mwisho.

"Mjomba aliniambia kwa kinywa chake," akasema. "Ijumaa ile, kesho yake send-off. 'Theo, huyu mkwe simtaki.' Na kwenye send-off ameitwa mbele za watu, hakusimama. Mnataka ushahidi gani tena? Mahari irudi kwa wenyewe. Mtoto asiolewe kwa kinyongo cha marehemu."

Wazee wakaitikia kwa vichwa. Kwao kinyongo cha mjomba aliyekufa si jambo la kuchezea; kila mtoto atakayeugua itasemwa ni yeye. Kwa macho yangu Theodory alikuwa mtu mkavu, mwenye roho ya korosho, anayetumia maiti kushinda kesi.

Nikaweka birika chini. "Samahani wazee, shikamooni. Mjomba alisema neno. Alisema kwa kamera yangu, nyuma ya jiko."

Mama Selestina akanishika mkono. "Alisema nini, mwanangu?"

"Alisema Kikaguru, mama. Sikuelewa."

"Basi tuletee tusikie."

Nikasema nitaleta. Sikusema kwamba haina sauti.

Mei 13

Mvua. Nimejaribu tena. Bubu.

Mei 14

Bubu.

Mei 16, Ijumaa

Wamekuja dukani: Mama Selestina, Happyness na Theodory. Mama yangu akawapa viti na chai kisha akajibanza kwenye mashine ya kopi, hakutaka kuondoka. Nikawaeleza. Niliwaambia sauti imekwama, lakini waione sura kwanza.

Nikabonyeza. Mzee akatokea kwenye kioo, hai, suti ya kijivu, anaongea. Happyness akaziba mdomo. Mama Selestina akasogea akasogea mpaka pua ikakaribia kioo.

"Kaka," akasema. Akaweka kidole kwenye midomo ya yule mtu. "Kaka, sema."

Sijawahi kuona kitu kama kile, na natumaini sitaona tena. Alimsubiri amalize, akaomba irudiwe, akamsubiri tena, akijaribu kuisoma midomo. "Hapa kasema jina la Theodory," akasema. "Hapa, tazama." Nikarudisha. Kweli, midomo ilikuwa inalitaja.

"Anasema mniulize mimi," Theodory akasema. "Kwa sababu mimi ndiye niliyeambiwa." Alikuwa ameshikilia meza. "Mama, tusijitese. Amepooza kinywa wodini, na hapa pia. Hata mashine imekataa kumsemea. Jumamosi ya tarehe ishirini na nne tunakwenda Mikumi kurudisha mahari."

Happyness akanigeukia. Aliniangalia tu. Ningependa angenitukana.

Walipoondoka mama akaja akasimama pembeni yangu. "Ile ruhusa," akasema polepole, "ndiyo imefanya hivi?"

Nikasema ndiyo. Akajifunga khanga upya, akaenda kukaa nje kwenye ngazi mvuani. Nikamfuata nikamrudisha ndani. Nikamkausha kichwa kwa taulo.

Mei 19

Gerald amepiga. Sikuwa na hamu naye, nikapokea ili nimtukane mtu.

"Irine dada'ngu, nasikia una msiba wa sauti."

"Nani kakwambia?"

"Mikumi nzima inajua harusi ya Kondo inavunjwa kwa sababu ya kompyuta. Sasa sikiliza. Kamera yako ile si kama yangu?"

"Kama yako."

"Kwangu zinalia kama kawaida."

"Kwako zinalia kwa sababu tofali lako halijui kama dunia imebadilika!"

"Ndiyo hivyo," akasema, wala hakuudhika. "Mimi na intaneti ni paka na maji. Leta."

Niliishika ile simu hata baada ya kukata. Gerald! Huyu niliyemwambia apeleke mashine makumbusho!

Mei 21

Barabara imekatika Ulaya. Mabasi yamerudi. Mkondoa umejaa tena.

Mei 22

Bado. Dereva wa pikipiki anasema kesho labda, mvua ikimhurumia.

Mei 23, Ijumaa, Mikumi

Naandika kwenye benchi nje ya duka la Gerald. Niandike kwa utaratibu nisisahau.

Nilivuka Ulaya kwa pikipiki, flashi nimeifunga kwenye nailoni na kuiweka kifuani. Ndugu walikuwa wameshafika jana kwa njia ya Morogoro, kwa ajili ya kesho. Nikamwita Mama Selestina, Happyness na Theodory. Theodory alikuja kwa kulazimishwa. Kondo alikuwa pale nje anafungua tairi la gari la mtu, karakana yake iko jirani. Akatusalimia, akaendelea na kazi. Jambo la ukoo wa mke, haingii.

Tofali la Gerald lilichukua muda kuamka. Feni yake inanguruma kama mashine ya kusaga. Gerald akaingiza flashi, akabonyeza.

Kwanza ikaja mvua. Mvua juu ya bati! Nilipiga kelele. Halafu ikaja sauti ya mzee, nyembamba, ya upole, na Mama Selestina akakaa chini sakafuni.

Aliongea, nao wakasikiliza, na mimi nikabaki kuangalia nyuso, kama siku ile nyuma ya jiko. Mzee akataja jina la Theodory. Theodory akashtuka, akarudi nyuma mpaka ukutani.

"Anasemaje?" nikauliza. "Mama, anasemaje?"

Gerald akairudisha mwanzo. Mama Selestina akanitafsiria kipande kwa kipande, machozi yakishuka, sauti haikutikisika.

"Anasema: Theodory atawaambia nimekataa. Asiitwe mwongo. Jana nilikataa.

"Anasema: leo gari letu limekwama ng'ambo ya kijito. Wenzangu wakavuka, mimi miguu haina nguvu siku hizi, nimeficha, hamjui. Nikasimama pale na suti yangu kama mtoto aliyepotea. Akaja huyu kijana. Hakusema kitu. Akageuza mgongo, akachuchumaa.

"Anasema: nilipofika ng'ambo nikamwomba. Nikamwambia, mjomba mtu amebebwa mgongoni siku ya send-off, watu wakijua nitaweka wapi uso? Usimwambie mtu. Akasema, sawa mzee.

"Anasema: nimekaa ukumbini namwangalia. Wanamcheka kwa matope yake. Binti wa kamera anamcheka. Na yeye anacheka nao, wala hasemi. Mtu anayenisitiri mimi niliyemkataa, atamsitiri mtoto wangu. Nimekubali. Sitasimama kulisema ndani, nikisimama nitalia mbele ya wakwe. Lisikieni hapa."

Binti wa kamera ni mimi. Umetoka kulima mpunga! Viatu vile visafi nilivipiga mwenyewe, kwa karibu, na matope yale niliyaona mwenyewe, na sikujiuliza chochote.

Kisha mzee akafuta macho, akageukia kamera, akaongea Kiswahili. Nilikuwa nimesahau kabisa kipande hiki.

"Binti, imeingia?"

Na sauti yangu ikajibu, nyepesi, ya mtu mwenye haraka ya kurudi kwenye keki: "Imeingia, mzee. Haipotei hata iweje."

Theodory alikuwa amejikunyata ukutani, mabega yanatikisika. "Mimi nilisema kweli," akasema. "Mama mdogo, mimi sikudanganya."

"Hukudanganya, baba," Mama Selestina akasema. "Na yeye kakusafisha kabla hujachafuka." Akamvuta kichwa akakiweka begani. Nami nilikuwa nimemwandika humu kuwa ana roho ya korosho. Sifuti, pabaki hivyo nijione.

Happyness alishatoka nje. Tukamsikia.

"Kondo! Kwa nini hukusema?"

Kondo akasimama na spana mkononi. Hakujua kinachoendelea. "Sikusema nini?"

"Kijito! Ulimbeba mjomba! Kesho tunakurudishia mahari, unanipoteza, na unajua, na umenyamaza? Hata alipokufa?"

Akaangalia chini, akaangalia mikono yake yenye grisi. Akaonekana kuaibika, kama aliyeshikwa na kosa.

"Mzee aliniomba," akasema.

Basi. Mama Selestina aliyekuwa mlangoni akavua kitenge chake cha begani, akaenda akamfuta grisi mikono, kidole kimoja kimoja, mbele ya Mikumi yote, akamwita "mkwe wangu".

Nimempigia mama kumweleza. Nilimsimulia yote, mpaka pale Kondo alipojibu. Upande wa pili ikasikika mvua kwenye bati.

"Mama, upo?"

"Nipo. Unaona? Aliombwa kwa heshima."

"Naona, mama."

"Irine," akasema, sauti ya chini. "Yule mwalimu wa mitihani karudi leo na simu yake. Mashine imebisha hodi tena."

Nikashika benchi. "Umeijibu nini?"

"Nimeiambia mwenyewe hayupo."